Nilivyomfuta Mama Nekesa Bwawani

Nyinyi vijana wa chama cha kusoma pale Kawangware, Jumamosi iliyopita niliwafokea, na leo sijaja kuomba msamaha. Nawaandikia kwa sababu niliondoka kabla ya chai, mlango nikaubamiza, na Shiro akabaki ameshika simu yake akidhani mzee ameingiwa na wazimu. Huenda ni kweli. Lakini mkiona mtu wa umri wangu, mwenye goti bovu, anainuka kitini bila kujishikilia popote, jueni kuna jambo.

Jambo lenyewe ni ile picha. Kwa wale ambao hawakuwepo, Shiro alituletea picha ya yangeyange, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu, amesimama kwenye kijito nyuma ya soko huku jua la asubuhi limempiga ubavuni. Ilikuwa picha nzuri sana na nilimsifu kwa moyo safi. Naye, kwa furaha ya kusifiwa, akaongeza:

"Na si ungeona vile ilikuwa, Mzee! Hapa nyuma kulikuwa na mathe anafua nguo, mabeseni, watoi, kila kitu. Nikamtoa na simu. Unagusa tu hivi, ameenda."

Mama mzima na watoto wake wamefutwa kwa kidole, nanyi mkacheka. Mmoja wenu akapiga makofi. Hapo ndipo nilipofoka.

Nimeandika habari za ndege, miti na maji ya jiji hili kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu. Niliacha kazi hiyo kwa sababu nilifanya kitu hicho hicho alichofanya Shiro, ila mimi nilitumia maneno. Mtu niliyemfuta anaitwa Mama Nekesa, na kwa kumfuta nilimpotezea shamba. Sasa tulieni niwaeleze, maana Jumamosi hasira haikunipa nafasi.

Kwanza mjue kwamba kazi hii sikufundishwa darasani. Nilikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Mtu akiwa juu ya ngazi siku nzima na brashi mkononi, ndege wanamzoea, na mimi nilianza kuwatazama ili nisitazame chini, kwa sababu kusema kweli ngazi zilinitisha. Nilipotaka kujua majina yao nikaenda Makina, huko kwetu Kibera, kwa Mzee Juma, aliyekuwa akiuza vitabu vya mitumba juu ya gunia karibu na msikiti. Akaniuzia kitabu cha ndege ambacho kilikosa kurasa za katikati.

"Hizo zingine ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zimefunga njugu, kijana wangu. Biashara ilikuwa mbaya mwaka jana."

Basi kwa miaka miwili kila ndege aliyekuwa katika kurasa zile zilizopotea nilimwandika kwenye daftari langu "ndege wa njugu". Bundi alikuwa ndege wa njugu. Mdiria, yule anayetumbukia majini kichwa mbele kukamata samaki, naye alikuwa ndege wa njugu. Msicheke sana. Nyinyi mnamwekea simu ndege aimbe, simu inawaambia jina, na kesho yake mmelisahau. Mimi wale ndege wa njugu ninawajua mpaka leo kwa sauti, kwa mwendo na kwa tabia, kwa sababu niliwatafuta miaka miwili bila jina.

Mzee Juma ndiye aliyenifundisha kuandika kwa penseli. Kalamu ya wino, alisema, mvua ikiigusa unabaki na daftari la madoa. Nimemtii maisha yangu yote. Na ningependa kuwaambia kwamba ushauri huo haukuwahi kuniumiza, lakini uliniumiza, na mtaona wapi.

Sasa, jambo ambalo kitabu chochote cha ndege hakitawaambia: mtaani kwetu, mwanamume aliyesimama peke yake na daftari, anatazama huku na huku na kuandika, si mwandishi. Ni mpelelezi, au ni mtu wa kupima ploti za watu ili ziuzwe kwa mwingine. Mara ya kwanza nilipokwenda Silanga, kule chini karibu na bwawa ambako akina mama wanalima, nilirudishwa kwa mawe. Mara ya pili mwanamke mmoja mrefu, gambuti za mpira mpaka magotini, akanijia na jembe begani.

"Unapima nini hapa?"

"Sipimi, Mama. Naangalia ndege."

"Ndege? Mtu mzima na nguvu zako unaangalia ndege saa tatu ya asubuhi?" Akawageukia wenzake. "Huyu ni mwizi ama ni mgonjwa. Mnasemaje?"

Wakasema mgonjwa, nashukuru. Yeye akanitupia jembe. "Mtu hasimami bure hapa. Ukitaka kusimama, lima."

Huyo ndiye Mama Nekesa. Alikuwa ametoka pande za Bungoma akiwa mke mdogo, mume akapata kibarua, kibarua kikaisha, mume naye akaisha. Akabaki na watoto na kipande cha ardhi cha bwawani ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu kilikuwa tope tupu. Alikijengea matuta kwa mikono yake. Akalima nduma, mrenda, saga, managu, kunde, na sukuma pale juu palipokauka. Aliwasomesha watoto wake kwa mboga hizo, na nusu ya Silanga walikula kutoka kwake.

Na alinifundisha kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Mnataka kumwona yangeyange karibu? Acheni kumnyemelea kama paka. Shikeni jembe mpindue udongo, atakuja mwenyewe kuokota minyoo, atatembea nyuma ya visigino vyenu kana kwamba mmemwajiri. Ndege humwogopa mtu aliyesimama wima akimkodolea macho. Mtu aliyeinama akifanya kazi hamshughulishi. Siri hiyo niliipata kwa kupigwa jua na mgongo kuuma, na nimewahi kuwaona wataalamu wenye darubini za bei ya nyumba wakirudi mikono mitupu kwa kutoijua.

Alinionyesha pia kiota cha fundichuma, yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Kiota chake ni kikubwa hata mtoto anaweza kuketi ndani. Cha pale Silanga kilijengwa kwa matete, kamba za nailoni, rasta za kusukia nywele na soksi moja ya shule. Mama Nekesa hakuruhusu mtu akitupie jiwe. Aliamini, kama wengi wa kwao, kwamba anayebomoa nyumba ya ndege yule anajitafutia balaa. Mimi sikuamini, ila nilimshukuru, maana hakuna mlinzi wa serikali ambaye amewahi kulinda kiota vizuri namna ile.

Miaka ikaenda. Nilikuwa nimeacha rangi, nina safu ya kila wiki kwenye gazeti, naishi Kianda kwenye chumba kilichojaa vitabu mpaka mwenye nyumba akawa anauliza kama nafungua duka. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilikwenda bwawani nikakuta kitu ambacho sijawahi kukiona tena. Maji yalikuwa yamesukuma magugu yote upande mmoja, uso wa bwawa ukawa safi, na ndege walikuwa wameshuka wa kila aina, yangeyange, korongo, kwarara, wadiria, na fundichuma akitembea kati yao kama msimamizi wa mjengo. Katikati ya ndege hao, tope mpaka mapajani, walikuwa Mama Nekesa na wenzake watatu, wanapanda nduma, wanaimba. Ndege hawakuwajali hata kidogo. Niliandika kurasa nane kwa penseli, mkono ukafa ganzi.

Nikaenda saiba, duka la kompyuta pale Olympic, nikachapa, nikatuma kwa mhariri wangu, Njoroge. Akanipigia simu kabla sijalipia kompyuta.

"Wafula, hii ni moto! Ni moto kabisa. Lakini hao wamama wa nduma wanaiharibu."

"Wanaiharibu vipi?"

"Msomaji wa Jumapili anataka kupumua, bwana. Wewe unamletea tope na shida za Kibera. Kibera iko ukurasa wa mbele kila siku. Huku kwako nataka maji na ndege. Watoe tu, uone vile itang'aa."

Nataka mnisikilize vizuri hapa, maana Jumamosi nilimfokea Shiro kana kwamba mimi sikuwahi kujaribiwa. Nilikuwa na sababu, tena niliiona ni ya heshima. Kila tamasha la vitabu nililoalikwa, katika hoteli zile zenye vitambaa vyeupe mezani, mwendesha mazungumzo alimuuliza mwandishi wa mtaa wa matajiri wa Karen kuhusu lugha yake na mwandishi wa Kisumu kuhusu utoto wake, halafu akanigeukia mimi na kuniuliza kuhusu vyoo. Naapa. Nimeandika kurasa mia mbili za ndege, mtu ameketi na kitabu changu magotini, ananiuliza watu kwetu wanajisaidia wapi! Mpiga picha mmoja aliniomba nisimame kando ya mtaro. Nilimwambia ndege ninaowaandika hawapo kwenye mtaro, akasema, "Lakini mtaro ndiyo Kibera." Nilikuwa nimechoshwa na watu wasiotaka kutoka kwetu kitu kingine ila uchafu wetu. Nilitaka kuwaonyesha uzuri mtupu, wakose pa kuweka ule uso wao wa huruma.

Basi nikawatoa akina mama. Niliketi pale saiba nikafuta aya baada ya aya, wimbo ukaenda, nduma zikaenda, Mama Nekesa akaenda. Na sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Ukimtoa mtu kwenye maandishi, panabaki shimo. Sentensi ya mbele haishikani na ya nyuma. Ni lazima uweke kitu pale, na kwa kuwa ukweli umeshautoa, utakachoweka ni uongo. Mimi niliweka hiki: "Asubuhi ile hapakuwa na mtu bwawani. Palikuwa na maji, matete na ndege tu, kama palivyokuwa tangu mwanzo."

Njoroge alisema ndiyo sentensi bora niliyowahi kuandika. Nikamwamini, mjinga mimi.

Makala ile ilitembea kuliko miguu yangu. Ikaingia kwenye kitabu changu kilichofuata, kitabu kikasomwa hotelini, na kila mara wakaniomba nisome ukurasa ule ule. Siku moja mama mmoja wa heshima alifuta machozi akaniambia, "Sikujua kuna mahali kama hapo Kibera." Nilipaswa kumjibu kwamba hata mimi sipajui, kwa kuwa hapakuwepo. Badala yake nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo na kutia saini kitabu chake. Nilipenda makofi yale. Kama nitawaficha hilo, basi bora nisiandike kabisa.

Mama Nekesa hakuwa msomaji. Alijua naandika ndege, na kila nilipokwenda aliniuliza, "Ndege wamekulipa?" akacheka, akanifungia managu kwenye gazeti. Pengine ni gazeti lile lile.

Kisha ukaja mpango wa bustani. Nyinyi mlisikia habari hizo kwenye simu zenu, mkapita. Ukingo wa bwawa ungesafishwa, ungewekwa njia ya kutembelea na viti vya kupumzikia. Mimi nilifurahi, nikidhani ndege watapata walinzi. Wakulima wakaitwa kwenye baraza uwanjani. Afisa mmoja mwenye koti la suti na viatu vilivyong'aa akawaambia kwamba waliolima pale muda mrefu watatafutiwa mahali pengine kabla ya trekta kuingia. Walioingia juzi juzi watatoka hivyo hivyo. Akina mama wakasema wao ni wa zamani. Karatasi hawakuwa nazo, na nani ana karatasi za tope? Ndipo afisa akatoa kitabu mkobani.

Sikuwepo. Nilikuwa kwenye tamasha, naongea mbele ya watu kuhusu mazingira. Habari nililetewa asubuhi iliyofuata, mlangoni pangu Kianda, na Mama Nekesa mwenyewe, gambuti zina tope. Nilimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Wafula, uliandika nini kwa hiyo kitabu yako?"

"Kitabu gani, Mama?"

"Ya ndege. Jana huyo afisa ameishika juu hivi mbele ya watu, akasoma. Ati hata mtu wetu wa Kibera amesema hakukuwa na mtu pale. Ati sisi tumeingia juzi." Alikuwa anahema. "Nikamwambia Wafula ni mtu yangu, hawezi andika hivyo. Watu wakanicheka. Nisomee."

"Mama, acha nikueleze kwanza..."

"Nimesema nisomee. Sitaki kuelezwa."

Nikasoma. Nilisoma yote, kwa sauti, ndani ya chumba changu, vitabu vimenizunguka pande zote. Alisikiliza macho yakiwa sakafuni. Nilipomaliza akakaa sasa, polepole, juu ya kitanda.

"Ni nzuri," akasema. Kweli alisema hivyo. "Hata huyo fundichuma umemweka sawa. Sasa mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, Mama."

"Na mwenzangu Mama Otieno?"

"Alikuwepo. Wote wanne mlikuwepo."

"Kwa nini hatuko hapo?"

Nikaanza kumweleza habari za Njoroge, mambo ya msomaji wa Jumapili, mambo ya kurasa za mbele. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Huyo mhariri ndiye alikuja hapa kwako akashika mkono yako akaandika?"

"Hapana."

"Basi usiniambie habari yake."

Nilimpigia Njoroge siku hiyo hiyo nikitaka gazeti lisahihishe. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Mzee, hiyo ni makala ya zamani. Nani anaikumbuka?" Nikamwambia afisa anaikumbuka, tena ameikariri. Akasema nafasi hakuna, labda niandike barua kwa mhariri. Mtu niliyempa safu kila wiki miaka yote ile ananituma kwenye foleni ya barua!

Baraza la pili lilikuwa baada ya wiki moja. Nilikwenda na Mama Nekesa, nimebeba daftari langu la asubuhi ile, kurasa zote nane. Nilikuwa na uhakika. Pale lilikuwa limeandikwa jina lake, wenzake watatu, nduma, wimbo, hata tope mpaka mapajani. Nilisimama mbele ya majirani zangu nikasema kwa sauti kwamba kitabu changu kilidanganya na daftari hili ndilo la kweli.

Afisa akalichukua, akalifungua, akapitisha kidole juu ya maandishi, akakitazama kidole.

"Hii ni penseli."

"Ndiyo. Sisi tunaoandika nje tunatumia penseli, kwa sababu ya mvua."

"Penseli mtu anaweza kuandika hata jana usiku, Mzee. Anaweza kufuta akaandika tena." Akalifunga. "Kitabu kimepigwa chapa. Kina mwaka, kina jina lako. Sasa unatuambia ulidanganya kwa kitabu?"

"Nilidanganya."

"Sawa. Kama ulidanganya wakati huo, na hakuna mtu alikuwa amekuomba, leo umeletwa hapa na huyu mama. Tutajuaje hudanganyi leo?"

Watu waliguna. Lile lilikuwa swali la kihuni kutoka kwa mtu aliyeshaamua, lakini lilikuwa swali zuri, na mimi ndiye niliyempa. Afisa na watu wake wakaandika kwamba wakulima wa ukingoni ni wavamizi wa karibuni.

Trekta lilikuja Jumanne asubuhi. Nduma zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja kukomaa. Akina mama waling'oa walizoweza, ndogo ndogo kama vidole, na zilizobaki zikasagwa pamoja na matuta. Ndege waliruka mara moja tu, wakazunguka, wakaenda, na wengi hawajarudi, kwa sababu hakuna anayepindua udongo tena pale. Nimeona viti vya bustani hiyo na hakuna aliyevikalia. Mtu wa ofisi ya bustani akanipigia simu, kwa heshima zote, akiomba ruhusa wachore sentensi yangu kwenye kibao cha langoni, ile ya maji, matete na ndege tu. Nilimtukana mpaka majirani wakaja kugonga. Kisha nikaandika kwa gazeti mistari miwili kwamba safu imekwisha, na haijawahi kuandikwa tena.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini sikufurahia picha, ndiyo sababu. Msiniambie ni picha tu. Mimi niliambiwa ni makala tu. Mnaishi wakati ambapo kila mtu mwenye suti anatafuta ushahidi kwamba hatupo, Kawangware kama Kibera, na nyinyi mnampelekea ushahidi huo bure, umepambwa na jua la asubuhi! Mwenye kutaka kutuonyesha kama uchafu anamfuta ndege. Mwenye kutaka kutuonyesha kama uzuri anamfuta mama. Wote wawili wanatusafishia njia ya trekta. Shiro, binti yangu, wewe una jicho ambalo mimi sikuwa nalo nikiwa na umri wako. Rudi kwenye kile kijito. Muulize yule mama jina, ameanza lini kufua pale, na yule ndege huja saa ngapi, maana nakuapia anajua kuliko wewe. Halafu piga picha tena. Kama mabeseni yanaharibu picha, jifunze kupiga picha yenye mabeseni. Ni vigumu zaidi, na hiyo ndiyo kazi.

Mama Nekesa siku hizi ananunua mboga kwa watu wengine na kuziuza kando ya njia, juu kidogo ya pale palipokuwa shamba lake. Kwa miezi mingi nilipita upande wa pili wa barabara. Yeye ndiye aliyeniita. "We mzee wa ndege! Njoo hapa. Kuja na daftari."

Nikafikiri ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Akanipa debe nikalie, akaanza kuniambia, huku akikata sukuma za wateja, shamba la nani lilikuwa wapi. Kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye mti wa fundichuma, tuta kwa tuta, nani alilima nini, nani alimwachia nani alipokufa, mwaka gani maji yalipanda yakazoa kunde zote. Nilikuwa nikiandika, ananisimamisha kila baada ya muda, "Soma," nasoma, ananirekebisha, naandika upya. Wateja walisimama wakachangia. Mmoja alikumbuka mama yake alikuwa na kipande pale, akalia kidogo, tukamwandika. Ilituchukua asubuhi nzima na mchana wote, na goti langu liliniambia hivyo.

Mwishowe akasema nisome kuanzia juu mpaka chini. Nikasoma. Alitikisa kichwa kukubali kila jina. Nilipofika mwisho nikafunga daftari.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Mama. Wote wamo."

"Wewe uko wapi hapo?"

"Mimi ni mwandishi tu."

Akaweka kisu chini. "Asubuhi ile ya ndege wengi ulikuwa kwa laini yangu ya tatu ya mboga, unang'oa managu yangu ukidhani ni magugu, na nikakugombeza. Andika hiyo. Halafu andika ulituona."

Ile ya managu niliiandika upesi. Hiyo ya pili ilinichukua muda mrefu, na alingoja, akakataa kuwahudumia wateja wawili, mpaka nilipoimaliza.